Kuishi na Mshipa Mkuu Uliotuna
Na Katibu wa Chama



Ukurasa huu kwa desturi huwa wa mizani, bei na vitalu vya miche, na najua baadhi yenu mtauliza Katibu amepotea njia gani hata akaandika khabari za moyo na mishipa. Kamati ndiyo iliyonitaka niandike, nami nimekubali baada ya kukataa mara mbili. Sababu ya kukataa kwangu mtaiona mbele.

Mtakumbuka kuwa mwaka 2021 walikuja madaktari kisiwani kwetu kupima watu moyo bila ya malipo. Chama kiliombwa kiwapeleke wanachama wake wenye umri, na mimi nikaenda na daftari langu kuandika majina. Wazee walijipanga kwenye mabenchi, lakini hapana aliyekubali kuingia wa mwanzo. Mmoja alisema mashine ile inanyonya damu, mwengine akasema inapiga umeme. Nikaona tutakaa pale mpaka alasiri. Basi nikavua shati, nikajilaza kitandani mlango ukiwa wazi, nikamwambia daktari, "Nianze mimi, wazee waone kuwa haiumi." Wazee wakacheka. Daktari akanipaka mafuta ya baridi kifuani, akaanza kupitisha kile kidude chake, huku tunazungumza bei ya karafuu. Ghafla akanyamaza. Akarudi pale pale alipopita. Kisha akamwita mwenziwe, wakawa wanasemezana kwa Kiingereza cha haraka, na mimi nimelala naangalia bati.

"Una miaka mingapi, ndugu?"

Nikamwambia 32.

"Unapanda mikarafuu?"

Nikacheka, nikamwambia, "Daktari, hapa Pemba nani asiyepanda?"

Yeye hakucheka.

Hivyo ndivyo nilivyoambiwa kwamba mshipa mkuu unaotoka moyoni mwangu umetuna. Wazee wote walioingia nyuma yangu walikutwa wazima, isipokuwa presha za watu wawili, na mpaka leo wananishukuru kwa kuwaonyesha njia.

Sasa niwaeleze jambo lenyewe, kwa namna nilivyoelezwa na kama nilivyokuja kulifahamu baadaye. Moyo wa mtu aliyetulia husukuma damu kadiri ya lita 5 kwa kila dakika, na hupiga mapigo kama 100,000 kwa siku. Damu yote hiyo hutokea kwenye mshipa mmoja, mnene kuliko mishipa yote ya mwili, nao ndio unaoitwa aota. Huanza moyoni, hupanda juu kidogo, hujipinda kama mkono wa mwavuli, kisha hushuka mgongoni mpaka tumboni, na huko hugawika kwenda miguuni. Tumboni upana wake kwa mtu mzima ni kama sentimita 2, na karibu na moyo ni zaidi kidogo ya 3. Ukuta wa mshipa ukilegea mahali, pale hutuna. Kutuna huko ndiko kunakoitwa aneurizimu. Kila mwenye baiskeli ameshaona jambo hili: tairi likichoka upande mmoja, mpira wa ndani hutokeza kama yai, na kadiri yai linavyokuwa kubwa ndivyo ngozi yake inavyozidi kukazika na kuwa nyembamba. Baiskeli inakwenda vile vile, wala mpandaji hasikii kitu, mpaka siku linapolia.

Na hii ndiyo khatari yake khasa, kwamba hakuumi. Nilipoelezwa nilikumbuka yale maradhi ya mikarafuu ambayo wazee wetu waliyaita kifo cha ghafla. Mti umesimama na majani yake ya kijani, unauhesabia mavuno, na baada ya siku chache umekauka wote. Mshipa uliotuna unaweza kukaa miaka mingi bila ya kuonyesha dalili. Ama unapochanika ukuta wake kwa ndani, au unapopasuka kabisa, mambo huwa ni ya saa tu, na wengi waliopasukiwa nje ya hospitali hawawahi kufika.

Sababu ni nyingi. Ule wa tumboni huwapata zaidi wanaume waliopita miaka 65, na khasa wavuta tumbaku. Uingereza waliona khatari hii ni kubwa hata wakaanzisha, mwaka 2009, mpango wa kumwita kila mwanamme anapotimiza miaka 65 apimwe tumbo mara moja kwa mashine ya sauti. Ule wa kifuani mara nyingi husababishwa na presha, au na jambo alilozaliwa nalo mtu. Langu ni hilo la kuzaliwa. Mlango wa moyo unaotoa damu kwenda kwenye aota kwa kawaida huwa na vipande vitatu vinavyofunga na kufunguka. Wangu mimi una viwili. Daktari alinambia kwamba katika kila watu 100, mmoja au wawili huzaliwa hivyo, na wengi wao wanaishi mpaka uzeeni bila ya kujua. Lakini baadhi yao mshipa wao hupanuka. Wangu ulikuwa na upana wa sentimita 4 na milimita 6.

Kipimo hicho kiliniweka mahali pabaya kwa roho, ijapokuwa kwa mwili ni pazuri. Desturi ya madaktari ni kwamba mshipa wa namna yangu hupasuliwa unapofika sentimita 5 na nusu, au 5 ikiwa pana sababu nyengine ya kuukhofia, kama vile kukua kwa haraka, au kuwapo mtu wa ukoo aliyechanikiwa. Kabla ya hapo, khatari ya kupasuliwa ni kubwa kuliko khatari ya kungoja. Basi mtu hupewa vidonge vya kupunguza presha na kutuliza mapigo ya moyo, hupimwa kila miezi sita au kila mwaka, na huambiwa asubiri. Kwa wengi mshipa hukua polepole sana, kadiri ya milimita moja kwa mwaka au chini ya hapo. Mimi nilihesabu usiku ule ule kwa vidole.

Nilikatazwa mambo mawili yaliyonikata maini, kupanda mkarafuu na kunyanyua gunia. Mtu anapojikaza kunyanyua kitu kizito akazuia pumzi, presha yake hupanda juu ghafla, na mshipa uliochoka hauwezi kustahamili hayo. Nikaruhusiwa kutembea, kulima kwa jembe jepesi bila ya kujikimbiza, na kazi zote za kalamu. Hata habari ya choo niliulizwa, nikaambiwa nile papai na mboga nisije nikajikaza. (Kwa hilo mke wangu alidhani nimeanza ubwana.)

Nilirudi nyumbani nikafanya kosa ambalo ndilo lililonifanya nikatae kuandika makala haya. Sikumwambia mtu. Mama yangu alimzika baba yangu mdogo aliyeanguka koroboini akiwa na miaka 40, mzima wa afya jana yake, na sikutaka kumpa khofu nyengine. Mke wangu alikuwa mja mzito. Basi msimu ulipoingia nikawa natafuta visingizio. Leo mgongo unaniuma, kesho nina hesabu za Chama, kesho kutwa nimeitwa Wete. Ngoe yangu na kamba vikaning'inia ukutani. Siku ya kupakia, vijana wanabeba magunia na mimi nimesimama na kalamu sikioni. Haukupita mwezi nikasikia yanayosemwa barazani: Katibu amekuwa bwana mkubwa, ukatibu umempanda kichwani, mtoto wa mchumaji hataki tena kugusa jamvi. Mmoja wenu, simtaji na wala sina kinyongo naye, alisema hayo mbele yangu siku ya kuanua, mvua inatujia na kila mtu anakimbiza majamvi. Niliinama nikalishika jamvi zima la karafuu peke yangu, nikalivuta mpaka ndani ya banda. Usiku ule sikulala. Nilikaa kitako gizani, mkono kifuani, nahesabu mapigo.

Mwaka 2022 nilipelekwa Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, kupigwa picha kamili na kupimwa upya. Nilikwenda peke yangu, nimewaaga nyumbani kwamba nafuatilia mambo ya mbolea. Na kwenye benchi la kungojea ndipo nilipokutana na watu ambao ndio sababu ya makala haya.

Alikuwapo mama mmoja wa Temeke, muuza maandazi, mtu wa maneno. Aliniona nimekunja karatasi zangu mara nne nimezificha mfukoni, akaniuliza, "Mwanangu, wewe una ngapi?" Sikumfahamu. Akasema, "Sentimita, mwanangu. Hapa sote tuna sentimita." Nikamwambia. Akapiga kofi la furaha kama niliyemwambia nimeoa. "Nne na sita! Mie nilikuwa na sita kasoro." Kisha akasogeza ukingo wa khanga yake chini ya koo, nikaona mwanzo wa kovu jembamba linaloshuka kifuani. Alipelekwa India mwaka 2013, akapasuliwa, kipande cha mshipa wake kikatolewa na kikatiwa bomba la kitambaa. "Kitambaa!" alisema. "Moyo wangu umeshonewa nguo." Na tangu hapo anaamka saa kumi za usiku kukanda unga.

Wanachama wenzangu, madaktari walikuwa wamenieleza kila kitu, na kwa upole. Lakini hapana daktari aliyenipa kile alichonipa mama yule, maana yeye alikuwa upande wa pili wa mto amesimama mkavu.

Pembeni yake alikaa mwalimu mstaafu wa Morogoro, miaka 71, wake uko tumboni, sentimita 4 na milimita 3, uligunduliwa kwa bahati alipokwenda kupimwa kibofu. Alikuwa mvutaji wa miaka 40, siku ile ile alizima sigara yake ya mwisho. Alikuwapo kijana wa Kigoma mwenye umri wa miaka 22, mrefu kama mnazi, vidole virefu vyembamba. Ana maradhi ya kurithi yaitwayo Marfan, ambayo hulegeza kamba zote za mwili pamoja na ukuta wa aota. Mama yake alikufa ghafla alipokuwa yeye mdogo, na ukoo mzima uliamini amerogwa, mpaka alipopimwa yeye. Na alikuwapo nahodha wa jahazi wa Tanga, miaka 58, mshipa wake wa kifuani umefika sentimita 5 na milimita 7. Yeye hakuwa akingoja tena. Alikwisha ambiwa apasuliwe.

Kabla hatujaagana mama wa Temeke aliandika namba zetu za simu nyuma ya karatasi ya unga, akatoa amri kwamba kila Ijumaa jioni mmoja atampigia mwenziwe, naye ampigie anayemfuata, mpaka duara ikamilike. Hatukuunda chama, hatuna mwenyekiti wala mchango. Baadaye akaingia mwana wa shangazi yangu aliyeko Muscat, ambaye nilipomwambia kwa mara ya kwanza alinyamaza kidogo kwenye simu, akasema, "Na mimi nimepasuliwa wangu miaka mitatu sasa. Sikutaka mama ajue." Tulicheka mpaka machozi. Watu wawili wa nyumba moja, kila mmoja anamficha mwenziwe maradhi yale yale.

Katika simu hizo nimejifunza mambo ambayo sikuyasikia kwenye chumba cha daktari, ama niliyasikia sikuyaelewa. Nilijifunza kununua mashine ndogo ya presha na kuandika daftarini asubuhi na jioni, kama tunavyoandika pishi za wachumaji. Tunaambiwa tujitahidi iwe chini ya 130 kwa 80. Mwalimu ndiye aliyenionya juu ya vidonge vya siprofloksasini, ambavyo huku kwetu mtu huvinunua dukani kwa homa ya matumbo au kwa mkojo kama anunuavyo peremende. Mwezi wa Disemba 2018 idara ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba dawa za jamii hiyo zaweza kuzidisha khatari ya mshipa mkuu kuchanika, na kwamba wenye aneurizimu wasipewe ila ikiwa hapana dawa nyengine. Mimi nilikuwa nimeshavila mara mbili. Kwa khabari ya Ramadhani, mama wa Temeke alinituma nimuulize daktari kidonge cha mara moja kwa siku, nikabadilishiwa, na sasa nakinywa daku. Mtu asipunguze wala asibadilishe saa za dawa kwa kichwa chake.

Mwalimu ni mtu wa vitabu, na alitufurahisha sana kwa visa vyake. Alitupa kisa cha daktari Michael DeBakey wa Houston huko Marekani, ambaye miaka ya 1950 alikuwa akitafuta kitambaa cha kutengenezea mishipa. Alikwenda dukani kutaka nailoni, akaambiwa imekwisha, akauziwa dakroni, jamii ya ile tetroni ya mashati ya baba zetu. Akaishona bomba kwa cherehani ya mkewe. Mabomba wanayotiwa watu leo bado ni ya kitambaa hicho. Na kubwa zaidi, tarehe 31 Disemba 2005 mshipa wa DeBakey mwenyewe ulichanika, akiwa na miaka 97. Mwanzo alikataa hata kulazwa. Mwezi wa Februari 2006 madaktari wenziwe walimpasua kwa njia alizowafundisha yeye, na akaishi mpaka Julai 2008, akafa na miaka 99.

Kisa chengine kilikuwa cha Einstein, yule mwanachuoni mashuhuri. Disemba 1948 alipasuliwa tumbo, daktari Rudolf Nissen akakuta aota yake imetuna. Wakati ule hapakuwa na bomba la kutia, basi aliuzungushia mshipa karatasi ya selofani, kama hizi za kufungia peremende, ili ukuta wake ukaze. Einstein akaishi nao miaka zaidi ya sita, anafanya kazi zake. Aprili 1955 ulipoanza kuvuja, akatakiwa apasuliwe tena, naye akakataa. Alikufa tarehe 18 mwezi huo huo, na umri wa miaka 76.

Kisa hicho laiti tusingekisema. Nahodha wa Tanga alikishika. Kila tulipomwuliza siku ya kupasuliwa, hujibu, "Mwenye akili kuliko sote alikataa." Mwalimu akamweleza kwamba Einstein alikuwa na miaka 76, wakati ambapo kazi ya kubadilisha mshipa ndiyo kwanza inaanza, Ufaransa daktari Charles Dubost alikuwa amebadilisha wa tumboni miaka minne tu nyuma yake, mwaka 1951. "Wewe una 58, na leo wanafanya kazi hii kila wiki." Mama wa Temeke alipanda basi mpaka Tanga, akala samaki wake, akamwonyesha kovu. Kijana wa Kigoma alimwambia yeye mwenyewe amekubali na tarehe anayo. Mimi zamu yangu ilikuwa kumpigia yeye, na nilimbembeleza Ijumaa baada ya Ijumaa. Alikuwa mtu mtamu sana wa mazungumzo. Alinieleza pepo na mikondo ya Mkondo wa Pemba kana kwamba mimi si mtu wa huku. Na kila tukifika kwenye jambo lenyewe hunambia, "Kaka, n'na safari moja, nikirudi."

Alikwenda safari hiyo mwezi wa Machi 2023, akarudi salama. Wiki ya pili alishikwa na maumivu makali katikati ya mabega, kama kitu kinachochanwa, akatoka jasho. Pale alipopelekwa kwanza waliona ni moyo umeziba, wakaanza kumtibu hivyo. Alifariki kabla ya alfajiri.

Siwalaumu waliompokea. Dalili hufanana, na hata nchi zenye kila chombo hukosea. Mwigizaji wa Marekani, John Ritter, alikufa hivyo hivyo Septemba 2003, akitibiwa moyo kumbe ni aota iliyochanika, na mkewe baadaye akaanzisha taasisi ya kuwafundisha watu tafauti yake. Lakini nasema hivi kwa sababu yafaa kujua: maumivu ya kifua au mgongo yanayokuja kwa ghafla, makali tangu dakika ya mwanzo, kama kuchanwa, khasa kwa mtu wa presha au mwenye jamaa aliyekufa ghafla, wamwambie daktari neno aota wao wenyewe. Mgonjwa anayejua maradhi yake abebe karatasi yake. Yangu imo ndani ya mfuko wa shati hivi sasa ninapoandika.

Baada ya mazishi Mwalimu aliacha kupokea simu. Alijiona yeye ndiye aliyemwua nahodha kwa kisa chake. Ijumaa tatu duara letu lilikatika kwake. Ya nne mama wa Temeke alikwenda Morogoro bila ya kuagana na mtu, akamkuta amekaa uani na pakiti ya sigara haijafunguliwa, ameiweka juu ya kiti mbele yake. Alivyotuambia, hakumpa pole wala hakumwambia kwamba hana makosa. Aliichukua ile pakiti, akaitia kwenye mkoba wake, akamwambia, "Mwalimu, Ijumaa hii zamu yako ni ya mtoto wa Kigoma. Anapasuliwa Jumatatu, na anaogopa." Jioni ile Mwalimu alipiga simu. Kijana alipasuliwa, na alipotoka chumba cha wagonjwa mahututi, mtu wa kwanza aliyemtaka kwenye simu ni yeye. Sasa amerudi chuoni kwake. Ana saa ya mkononi, na mlango wake mpya wa moyo wa chuma unalia taratibu kama saa hiyo. Anasema usiku hajui kipi ni kipi.

Mimi niliporudi kutoka mazishini Tanga nilimwita mama yangu na mke wangu, nikawaeleza yote, mtoto wetu akiwa ameshatimiza mwaka. Mke wangu alikasirika siku mbili, na haki alikuwa nayo. Mama hakulia kama nilivyokhofia. Aliuliza swali moja tu: "Na baba yako mdogo?" Nikamjibu kwamba hapana ajuaye, hakupimwa. Akasema, "Basi ndugu zako wapimwe." Nami sikuwa nimewaza hilo hata kidogo, ilhali madaktari walikwisha nambia kwamba mlango wa vipande viwili hutembea katika damu, na kwamba wazazi, ndugu na watoto wa mgonjwa yafaa wapigwe picha. Tulipimwa wote. Dada zangu wazima. Mdogo wangu wa mwisho, ambaye wengi wenu mnamjua kwa kuwa hapana mchumaji anayemshinda urefu wa kupanda, ana mlango kama wangu. Mshipa wake bado una sentimita 3 na milimita 8. Kwa sasa hakukatazwa kuchuma, ila ameambiwa asibebe magunia, na apimwe kila mwaka.

Hiyo ndiyo sababu ya kukubali kuandika. Mwezi uliopita mwanachama mmoja wa Micheweni alikuja ofisini baada ya saa za kazi, akafunga mlango, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Hakusema kitu. Nilimwuliza, "Una ngapi?"

Zamu zetu za Ijumaa sasa zina mtu wa sita.

Kamati imenipa ruhusa nitangaze mambo haya. Mashine ya presha imenunuliwa na itakaa juu ya meza ya ofisi siku zote za kupokea karafuu, kila mwanachama aweza kujipima kabla ya mizani au baada yake, bila ya malipo na bila ya kuandikwa jina asipotaka. Mwenye presha ya juu atapewa barua ya kwenda hospitali. Wanachama wanaume waliopita miaka 65 na waliowahi kuvuta tumbaku wamwulize daktari wao khabari ya kupimwa tumbo kwa altrasaundi. Ni kazi ya dakika chache na, kama nilivyowaonyesha wazee wale, haiumi. Na aliye na karatasi iliyokunjwa, ofisi iko wazi mpaka magharibi.

Kipimo changu cha mwisho kilikuwa sentimita 4 na milimita 7. Kamba yangu ya kuchumia nimempa jirani yangu, ngoe nimemwachia mdogo wangu. Msimu huu mtanikuta penye mizani, na kalamu sikioni.